Jogoo Wangu na Paka wa Mama Mkwe

Mimi na paka hatupatani, na kosa si lake. Akipita karibu tu, macho yanavimba, pua inamwaga maji, kifua kinabana. Daktari alisema ni mzio. Mke wangu anasema ni deko. Mbwa nilimjaribu, yakawa yale yale. Lakini mimi bila kiumbe wa kumsemesha nyumbani siwezi, basi hapa Mkata nikafuga jogoo mwekundu.

Alinifuata kwenye mihogo, akala punje kiganjani mwangu, na jioni alipanda kwenye mkono wa kiti tukasikiliza sote taarifa ya habari. Watu walinicheka wee! Sikujali, maana nilikuwa napumua vizuri.

Kisha mama mkwe akatuma habari kwamba anashuka kutoka Dindira. Kwetu mkwe akija huchinjiwa jogoo, na jogoo nilikuwa naye huyo huyo. Nikasema nitanunua mwingine gulioni.

"Mama yangu ale jogoo wa kununua," mke wangu akauliza, "na wako amekaa anasikiliza redio?"

Nilinoa kisu roho ikiniuma, jogoo naye akinidonoa vidole akidhani nimeshika mahindi.

Mama mkwe alifika na kikapu. "Shikamoo mama," nikasema nikitazama chini, maana mkwe haangaliwi usoni.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia panya wanawamalizia mahindi. Nimewaletea dawa." Akafunua kikapu. Paka, mweupe, mnene.

Zawadi ya mkwe hairudishwi. Nikampokea kwa mikono miwili. "Asante sana, ma..." Chafya. Nikaanza upya, chafya nyingine. Machozi yakanitiririka hadi kidevuni. Jogoo akaja mbio, akasimama miguuni pangu, akamtunishia paka shingo.

"Mbona mwenzio analia?" mama mkwe akamuuliza binti yake.

Mke wangu akaeleza yote, hata mambo ya redio. Mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta. Ndipo akakiona kisu.

"Na hicho ni cha nani?"

Mke wangu akamwonyesha jogoo kwa kidevu.

Mama mkwe akanipokonya paka, akamrudisha kikapuni, akafunika. "Huyu narudi naye. Sasa nikimla na yule jogoo, mwanangu nitamwacha na nani? Chumeni mchicha."

Nilisahau adabu, nikamtazama usoni. Alikuwa bado anacheka.

Mchana ule alikula ugali kwa mchicha, akaomba kuongezewa.