Sauti Mbili Chumbani kwa Nassoro

Nilikwenda Stockholm kwa sababu ya mkono. Binamu yangu, Da Zuhura, aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono, na kwa kuwa mumewe alishafariki, akaniomba nikamsaidie mpaka apone. Nilimuuliza kwenye simu, "Kwani Nassoro hayupo?" Nassoro ni mwanawe wa pekee, kijana aliyekwisha kumaliza chuo. Akajibu upesi, "Yupo. Lakini wewe njoo." Nikamwachia msaidizi wangu saluni pale Tanga, nikasafiri.

Uwanja wa ndege Da Zuhura alinipokea mwenyewe, mkono umening'inizwa shingoni. Tulipanda treni hadi mjini, kisha ya chini ya ardhi hadi Hallonbergen, mtaani kwake. Ilikuwa alasiri tu, lakini giza lilishaingia. Ndani ya behewa watu walikaa kimya mno, hata nikajikuta nanong'ona bila kuambiwa.

Tulipofika nyumbani niliona viatu vya kiume mlangoni, vimepangwa vizuri, vina vumbi. Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa umefungwa.

"Nassoro amelala," Da Zuhura alisema. "Usimgongee."

Kesho yake pia alikuwa amelala. Keshokutwa, eti ametoka mapema. Bafuni mswaki wake ulikuwa mkavu kila nilipouangalia. Sikuuliza, maana mimi ni mgeni, lakini nilianza kupita mbele ya mlango ule kwa haraka, kama mtu anayeitwa jikoni.

Alasiri moja nilikuwa nakaanga vitunguu nikasikia vijana wawili wakizungumza mle chumbani.

"Mbona unaniangalia hivyo?" aliuliza mmoja, kwa sauti nzito.

"Naogopa," akajibu wa pili, sauti yake laini. "Ukiondoka leo hutarudi."

Miaka yote Da Zuhura alikuwa akinilalamikia kwamba Nassoro humjibu kwa Kiswidi tu. Sasa Kiswahili hiki, tena cha pwani kabisa, kilitoka wapi? Nilizima jiko nikaenda sebuleni kumwita Da Zuhura. Hakuwepo. Nikaita tena. Sauti zilinyamaza kidogo, kisha ile laini ikasema, "Usiniache."

Nikasukuma mlango.

Taa ndogo ilikuwa inawaka. Kitanda kimetandikwa, hakuna aliyekilalia. Da Zuhura alikaa kitini peke yake, kitabu mapajani, na midomo yake ilikuwa inatoa ile sauti nzito ya mwanamume. Hakuinua uso. Aliimaliza sentensi yake kwanza, polepole, ndipo akarudi kwenye sauti yake.

"Ingia, mdogo wangu. Hayupo. Ameondoka tangu kiangazi."

Rafu nzima ilijaa vitabu vya katuni za Kijapani, manga, vilivyotafsiriwa kwa Kiswidi. Nilifungua kimoja: vijana wawili wazuri, macho makubwa, wamesimama kwenye mvua wameshikana mikono. Nikafungua kingine. Vijana wawili tena, na hapa wamekumbatiana. Nikaelewa.

"Alikuja kuniambia pale mezani," alisema. "Kwamba anapenda, na anayempenda ni kijana mwenzake, anaitwa Elias. Akaniuliza, 'Mama, husemi kitu?' Sikusema kitu. Alisubiri, mdogo wangu. Alisubiri mpaka chai ikapoa, halafu akachukua begi."

"Na hivi vitabu?"

"Mwanzo nilivisoma kama tunavyosoma barua. Nikaona watu wanaagana kwanza, kisha ndipo wanajuana. Kumbe huanzia kulia, kama msahafu tuliosomeshwa chuoni tukiwa watoto." Alicheka kidogo. "Mimi kuhusu jambo hili nina maneno ya kugombeza tu. Sikufundishwa mengine. Basi nakigeuza Kiswidi chao kiwe Kiswahili, nisikie kama kinaweza kutamkika mdomoni mwangu."

Kisha akanionyesha kitanda. "Kaa hapo. Leo uwe Nassoro."

Nilikaa. Dirisha lilikuwa jeusi, na ndani yake niliona wanawake wawili ambao kwa dakika nzima sikuwatambua. Da Zuhura alinitazama, macho hayapepesi, mpaka nikahisi kweli kuna mtu mwingine amekalia mahali pangu. "Mwanangu," aliniambia, na koo langu likajibu kabla sijafikiri: "Naam, Mama." Yeye akalia.

Jumamosi tulikwenda Farsta, anakoishi Nassoro. Njia nzima Da Zuhura alikuwa akisogeza midomo bila sauti, na abiria mmoja akahama kiti. Nassoro alifungua mlango. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, mwembamba, kikombe mkononi.

Da Zuhura aliyasahau maneno yote. Akaanza kubabaika kwa Kiswidi. Nassoro akamkatiza.

"Mama, sema kwa Kiswahili."

Niliogopa kuliko siku ile ya sauti mbili. Ndipo Da Zuhura akasema, "Nimekuja kumjua mwenzio. Nilichelewa." Nassoro aliuinamia mkono wake uliofungwa plasta, akaubusu. Elias hakuelewa neno hata moja, lakini alituwekea viti.

Nilirudi Tanga mkono ulipopona. Nilichojifunza huko ni kwamba mzazi akinyamaza, mtoto anakuwa amekwisha kujibiwa, na jibu lile anaondoka nalo. Nilidhani somo hilo ni la Da Zuhura.

Wiki ya kwanza saluni ilijaa. Nilikuwa namsuka shoga yangu mmoja, wengine wakingoja zamu zao, akaniuliza, "Nassoro hajambo? Ameoa?"

"Hajambo," nikasema. "Anaishi na mwenzake."

"Mwenzake nani?"

Vidole vyangu vilisimama kichwani pake. Wote walikuwa wananitazama kwenye kioo, wananisubiri.

"Anaitwa Elias," nikasema, nikaendelea kusuka.