Mchangiaji wa Miaka Mia Tatu na Kumi na Mbili

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Sindano amekuwa akizunguka shule na ofisi kuchukua damu za watu, na katika muda wote huo hajawahi kufika mahali asikute mcheshi mmoja wa kumuuliza kama huwa anainywa kwa mrija au kwa kikombe. Hucheka kidogo, kwa adabu, kisha humfunga mcheshi huyo mpira mkononi, na hapo utani huisha wenyewe. Sindano ni jina alilopewa na wanafunzi. Umama alipewa na binti yake wa miaka kumi na mitano, na binti huyo ndiye aliyemtia kwenye balaa hili.

Binti alikuwa amezama kwenye riwaya za wanyonya damu. Mnazijua: kijana mzuri wa sura, ngozi imempauka, ana miaka mia tatu na ushee lakini bado yuko kidato cha tatu, sijui anarudia darasa kwa sababu gani, na kati ya wasichana wote wa dunia amempenda yule wa dawati la nyuma. Mama Sindano alisoma moja kwa siri huku maharage yakichemka jikoni. Alipofika mahali kijana anamuuma msichana shingoni, likatoka tone moja tu na wote wawili wakaendelea kutazamana machoni, alikifunga kitabu kwa hasira.

"Mshipa ule ukitoboka damu inaruka hadi ukutani!" akamwambia binti yake. "Huyu mwandishi hajawahi hata kujikata na kisu cha vitunguu."

"Basi andika cha kwako, Mama," binti akajibu bila kuinua macho.

Akaandika kweli. Wakati wa mapumziko ya mchana, migongoni mwa fomu zilizoharibika, alianza hadithi ya mnyonya damu aliyechoka kuuma watu. Jioni alimsomea binti yake, mlango umefungwa, na mtu mwingine hakuambiwa. Wazazi wangesikia kwamba anayewachoma watoto wao sindano anaandika hadithi za wanyonya damu, nani angemfungulia tena lango la shule? Na mkuu wake wa maabara ndiyo kabisa. Mzee huyo wafanyakazi walimwita Muhuri, kwa sababu hata barua ya pole haitoki mezani kwake bila kugongwa muhuri, na tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kuyaona meno yake.

Sura ya tisa ilikwama. Binti alilalamika kwamba hamwelewi huyu kijana, yaani anataka nini hasa. Kesho yake, katika ukumbi wa shule moja ya wasichana, Mama Sindano akapata wazo. Si kila siku anawafahamu wageni kwa dakika tano tu, kwa kuwauliza maswali ya kwenye fomu? Akachukua fomu mpya, akamjazia mnyonya damu wake kana kwamba ameketi mbele yake. Umri: 312. Uzito: hutegemea nimekula nani. Mara ya mwisho kula: juzi, samahani. Kwa nini unachangia damu? Hapo kalamu ilisita, kisha ikaandika: Nimechukua nyingi mno. Nataka kurudisha walau chupa moja.

Alifurahi hadi akajipiga paja. Mara kengele ikalia, wasichana wakajaa mlangoni, naye akaiweka fomu ile juu ya meza iliyojaa fomu nyingine. Mtu wa miaka kumi na mmoja kazini, jamani.

Jioni binti akaidai sura yake. Mama akafungua mkoba, akaukung'uta, akaumwaga wote kitandani. Kisha akaikumbuka ile meza iliyojaa fomu.

Maabara yao ina kanuni moja isiyo na huruma: chupa na fomu zilingane. Fomu ikizidi, boksi zima huwekwa kando mpaka ijulikane chupa ipi imepotea, kwa kuwa huenda damu ya mtu imebandikwa namba ya mwingine. Boksi la siku ile, alilolifunga kwa mikono yake mwenyewe, lilikuwa na chupa arobaini na fomu arobaini na moja. Asubuhi gari la hospitali ya wazazi lilikuwa linakuja kulichukua, na akiba yao ilikuwa imekwisha kabisa. Alipiga simu maabara. Ikaita mpaka ikakatika, mara tatu.

"Kuna mama atajifungua kesho, damu imtoke, akose ya kuongezewa," alisema, "kwa ajili ya mtu ambaye hata hayupo!"

"Waambie ukweli tu, Mama."

"Ukweli gani? Kwamba nilikuwa nacheza?"

Saa moja na robo asubuhi alikuwa mlangoni kwa Muhuri, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Fomu ilikuwa mezani, peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

"Mzee, kabla hujasema lolote, kosa ni langu..."

"Jana nimetafuta chupa ya arobaini na moja saa nzima," alisema Muhuri. "Nimefungua jokofu, nimelisogeza. Kwa umri huu nimepiga magoti. Simu niliisikia ikiita, lakini kichwa kilikuwa chini ya jokofu. Ndipo nikarudi kwenye fomu, nikasoma umri."

Akaigeuza fomu imwelekee. Juu yake paligongwa kwa wino mwekundu: AMEKATALIWA. Chini, kwa mwandiko ulionyooka: Umri umezidi. Amekula damu ya mtu juzi. Ashauriwe kupumzika.

"Na boksi, mzee?"

"Limeondoka saa moja kamili. Aliyekataliwa hana chupa. Hesabu imelingana."

"Lakini huyu si mtu, mzee."

"Kanuni inataka kila karatasi ya kwenye boksi itolewe maelezo. Haijasema iwe ya mtu aliye hai."

Mama Sindano alivuta pumzi, na ilikuwa kama ndiyo ya kwanza tangu jana jioni. Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia, na mwishowe akavifanya vyote viwili kwa pamoja mbele ya mkuu wake bila aibu yoyote. Chupa zimeondoka. Zote arobaini! Muhuri alisubiri, akitazama dirishani ili asimwone.

"Hili jibu la kurudisha chupa moja," alisema hatimaye, "umeliandika wewe?"

"Mimi, mzee."

"Nilikaa nalo kitambo. Haikuwa rahisi kumkataa." Akakohoa, akarudisha uso wa kazi. "Ila kuna dosari. Sehemu ya mhojaji iko wazi. Siwezi kuweka kwenye faili fomu isiyo na mwenyewe."

Akamsogezea kalamu. Sura nane nzima Mama Sindano alikuwa ameziandika bila kuweka jina lake hata kwenye ukurasa mmoja. Alijifuta uso kwa kiganja, akainama, akaandika majina yake yote matatu.