Wanamwamkia Nani?

Kulikuwa na picha ukutani kwa watu, njia ya Lukozi, ambayo nikiikumbuka chai inanichachia mdomoni. Niliipiga mimi. Aliyeiharibu ni mwingine.

Napiga picha za harusi, na siku hizi maharusi hawasimami. Lazima watembee, wazunguke, wakimbie kidogo, shela lipepee. "Tembeeni kama hamnioni," nawaambia, nami narudi kinyumenyume kwenye milima yetu hii, ambako ukikosea hatua moja unaokotwa Mombo, huko chini tambarare.

Siku hiyo tulitoka kanisani tukaingia njia ya shambani, nyembamba, bwana harusi mguu mmoja ndani ya kabichi. Kila wakianza vizuri anatokea mtu mzima, wanasimama. Huku kwetu mkubwa hapitwi hivihivi, hata kama umevaa shela refu kama mto. Shikamoo. Marahaba, mmependeza. Tunarudia. Nadhani tuliamkia nusu ya mkoa wa Tanga.

Kisha akatokea bibi yake bibi harusi, mama wa mama yake, aliyemlea tangu mama alipofariki. Alishavua kitenge cha kanisani, kichwani ana mzigo wa majani, maana ng'ombe hajui harusi. Bibi harusi akasahau kamera. Akamwendea mbio mbio, akainama, mkono umetangulia, shela likachukuliwa na upepo, mumewe naye akainama nyuma yake.

"Onga mshi, bibi," akamwamkia kwa Kisambaa.

Nikabonyeza. Hiyo sikuwapanga.

Kaka mkubwa wa bwana harusi, mwenyekiti wa kamati, aliyetoka Dar na miwani mikubwa kama sahani za pilau, akachungulia kwenye kamera.

"Nzuri. Huyo mtoe."

"Yupi, kaka?"

"Huyo wa majani. Hii ni harusi, si zizi."

"Ni bibi yake bibi harusi."

"Kanisani si alipigwa amependeza? Zinatosha. Hapa mfute."

Nikamwambia sifuti.

"Wewe ni mpigapicha au mwanasheria?"

"Mpigapicha. Ila nilisoma masomo ya jioni, na uraia nilifaulu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nilipomkabidhi picha zote, akampelekea fundi mwingine wa kompyuta.

Mwezi haukuisha, bibi harusi akaja studio kwangu Lushoto na fremu ameifunga kwa kanga. Akaifungua juu ya meza. Wameinama wote wawili, mkono umenyooshwa, nyuso zimejaa heshima, na mbele yao hakuna mtu. Wanaamkia kabichi. Kabichi zenyewe hazikuitikia.

Nikacheka mpaka nikashika meza. Kisha nikamwona usoni, nikaacha.

"Bibi alikuja juzi," akasema. "Akaitazama, akaitazama. Akaniuliza, mnamwamkia nani hapa? Nikajifanya natafuta vikombe, kaka. Akasema basi labda macho yake yamekwisha. Nikamwacha aamini hivyo."

Hapo ndipo damu iliponipanda. Macho ya bibi yule yanaona kupe kwenye sikio la ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde. Mtu avae sahani zake mbili usoni, ashindwe kumwona mama aliyemlea shemeji yake, halafu anayejiona kipofu awe bibi? Nilisema maneno ambayo mchungaji akiyasikia atanibatiza upya.

"Ile yenyewe unayo?" akauliza.

Ninayo. Picha kama ile mtu hafuti. Nikamchapia kubwa kuliko mlango, tukaitoa studio kwa ubavu.

"Na hii?" nikamwonyesha ile ya kabichi.

"Iache hapo. Shemeji akija Lushoto umpe mwenyewe. Sasa twende wote, wewe ndiye utamwambia bibi macho yake ni mazima. Mimi naona aibu."

Nikafunga studio mchana kweupe, wateja wakiniita. Nikashika upande mmoja wa picha, yeye upande wa pili, tukaanza kupanda.