Mtalii Aliyekula Chakula cha Marehemu

Doha. Nilikubali safari hii ili nikwepe tuisheni ya hesabu, basi. Mama yangu ni nesi, na rafiki yake wa wodini, Anti Merle, alitualika kwao Carriacou, kisiwa kidogo cha Grenada huko Karibiani. Mama yake Merle alikuwa anamfanyia marehemu mumewe saraka, ya kwanza tangu kimbunga king'oe paa lao. Tukafunga fleti yetu ya Al Mansoura, yalla, twende uwanja wa ndege.

Njiani. Ndege, ndege tena, halafu feri. Makalio yalikufa ganzi.

Mchana, kisiwani. Anti Merle alituonyesha fukwe nyeupe, mafundi wakiunda mashua, na magofu ya kinu cha miwa, ambako Waafrika walichapwa viboko ili Wazungu wanywe chai tamu. Kibao kilisema: "Mandhari ya kupendeza." Ya kumpendeza nani?

Jioni, uani kwa bibi, mama yake Anti Merle. Ngoma tatu zililia, kila wimbo na taifa lake la Afrika, walikotekwa mababu zao: Waigbo, Wakongo.

"Saraka ndiyo nini, bibi?"

"Chakula tunachowatolea wafu wetu."

"Kumbe sadaka! Hata sisi kwa Kiswahili twasema hivyo, na Waarabu wa Doha pia."

Bibi akacheka. "Basi wewe ni wetu. Ila meza ya ndani usiiguse."

Mezani palikuwa na wali na kuku visivyotiwa chumvi. Vya marehemu; kwao wafu hawapewi chumvi.

Mara mwongoza watalii akaingia na kundi lake, hodi hakuna. Jamaa mmoja mwenye kaptura akajipenyeza ndani, akang'ata paja la kuku.

"Mbona halina chumvi?"

Mwongozaji akacheka. "Karibuni! Utamaduni ni wa wote!"

Nikalipuka. "We mzee, unakula chakula cha maiti, na chumvi unadai?"

"Brian! Adabu!" Mama alifoka.

"Adabu mwambie yeye, Mathe!"

Anti Merle akaninong'oneza, "Polepole, mwanangu. Tangu kimbunga, kijiji kinaishi kwa wageni hawa."

Bibi hakupiga kelele. Aliinua sahani, akaimwaga yote. "Mume wangu hali mabaki." Kisha akaagiza kuku mwingine achinjwe.

Mwongozaji akauliza kama wanaweza kupiga picha. Nikawatoa wote nje, nikawafungia lango usoni. Mama hakunikaripia tena; alikunja mikono ya blauzi, akaanza kunyonyoa kuku. Meza ilipoandaliwa upya, nilisimama mlangoni mpaka miguu ikauma.

Doha tena. Wenzangu darasani wanauliza habari za fukwe tu. Zipo, nzuri, nendeni. Lakini mkikuta chakula mezani na hakuna anayekula, ulizeni ni cha nani kabla hamjafungua midomo yenu.