Bakuli Zilizorudi Safi

Kwa miaka kumi na tisa, chakula cha mchana katika shule ile ya msingi kilipikwa na mwanamke mmoja ambaye watoto, walimu na hata wazazi walimwita Mama Upawa. Alikuwa mfupi, ana mikono yenye nguvu, na macho yasiyoamini kitu mpaka yakione mara mbili. Gunia la maharage likiletwa, alizamisha mkono hadi chini kabisa, maana alisema wauzaji huweka mazuri juu.

Ndiyo maana hakumpenda mwalimu mpya wa michezo. Alimwona kwanza kupitia dirisha la jikoni: kijana mwembamba, filimbi shingoni, mzani kwapani. Wiki hiyohiyo aliwapima watoto wote uzito na urefu, akaandika kwenye daftari kubwa. Akabandika ukutani picha ya sahani ambayo nusu yake ilikuwa mboga na matunda. Akawaondoa wauza soda na peremende getini. Kila asubuhi, kabla ya kuingia darasani, shule nzima ilizunguka uwanja mara mbili.

Siku moja akaingia jikoni bila hodi, akafunua sufuria.

"Mama, mboga hizi hukaa motoni muda gani?"

"Mpaka ziive."

"Naona kama zimeiva kupita kiasi."

"Wewe mwalimu umepikia shule ngapi?"

Mwalimu akafunika sufuria, akaandika kitu kwenye daftari lake, akatoka. Kule kuandika ndiko kulikomchoma Mama Upawa.

Jioni alimweleza mumewe, fundi viatu aliyefanyia kazi barazani pao.

"Yule ananitafutia sababu. Anataka nitoke, aingize mtu wake."

"Amesema tu mboga zimeiva sana, mama watoto. Hata mimi nimewahi kusema."

"Ulisema mara moja ukanyamaza."

"Nilinyamazishwa," alisema fundi, akaendelea kupiga msumari.

Wiki ya tatu jambo la ajabu likatokea. Bakuli zilianza kurudi safi. Zamani ndoo ya mabaki kando ya bomba ilijaa majani kabla hata darasa la nne halijamaliza kula. Sasa chini ya ndoo palionekana. Mwalimu mkuu, mama mmoja mtaratibu asiyesifu ovyo, alisimama mbele ya walimu akampongeza mwalimu wa michezo. Mpishi hakutajwa.

Lakini hilo silo lililomkosesha raha. Aliosha zile bakuli mia mbili na kumi akiwaza. Watoto hawa aliwajua, na wengine alikuwa amewapikia wazazi wao. Picha ukutani haiwezi kumfanya mtoto ale mboga. Mwalimu lazima anazimwaga mahali, alijiambia, ili daftari lake lipendeze.

Akaanza kuchunguza. Alipita nyuma ya vyoo, akachungulia mtaroni, akainua hata mfuniko wa pipa la taka la ofisini na kumshtua karani. Hakuona kitu. Kisha akagundua kwamba kila baada ya chakula watoto walikimbilia upande wa chini wa uwanja, mkono mmoja umeshika mfuko wa kaptula au sketi. Mwalimu wa michezo alisimama kivulini akiwatazama wanavyokimbia, akiandika kwa furaha.

Siku ya nne Mama Upawa alivua aproni, akaufuata ukuta taratibu mpaka nyuma ya banda la vifaa. Hapo palikuwa na mtunza bustani, mzee waliyemwita Babu Jembe, na vizimba vya mbao vyenye sungura kumi na mmoja. Watoto walikuwa wamepanga foleni kimya kama wako kwenye mtihani, kila mmoja akitoa mfukoni mboga zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari. Walipomwona, walitawanyika kama mchele uliomwagika.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Nilijua utafika tu."

"Hili limeanza lini?"

"Tangu mwalimu awaambie asiyemaliza mboga hachezi mpira."

"Na wewe ukaona ufuge sungura kwa jasho langu."

Mzee akakuna kidevu. "Nikuambie ukweli, mwanangu? Zako sungura hawali. Wananusa tu, halafu mimi nazifukia kwenye mbolea. Wanachokula ni karoti mbichi ambazo watoto wanatoka nazo kwao. Na hizo nazo wanagawana, nusu ya mtoto, nusu ya sungura."

Sungura mmoja alimwangalia Mama Upawa. Alikuja kumkamata mwalimu, na kweli alikuwa amemkamata, lakini alijiona kama amenaswa pamoja naye.

Angeweza kwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Badala yake alimfuata kijana kwenye chumba cha walimu, akamkuta peke yake, akamweleza yote, hata lile la kunusa. Mwalimu alifunga daftari polepole.

"Nani mwingine anajua?"

"Bado hakuna."

"Unataka nini, mama?"

"Siku nyingine useme hodi."

Kijana aliinamisha kichwa. "Mimi nilidhani unazichemsha vile makusudi, ili mpango wangu ushindwe."

"Kumbe na wewe una jicho baya," alisema, na kwa mara ya kwanza hakumchukia sana.

Mwalimu aliifuta ile amri ya mpira. Mama Upawa alianza kutoa mboga motoni zikiwa bado kijani, na karoti akazikata vipande vyembamba, mbichi, watoto wapewe saa nne. Wiki ya kwanza ndoo ya mabaki ilijaa hadi ukingoni. Mwalimu mkuu akauliza kulikoni, na mwalimu wa michezo akasimama mbele ya wenzake kueleza mambo yalivyokuwa. Mpishi alikuwa mlangoni, mikono kifuani, kuhakikisha haachi neno. Hakuacha.

Mabaki yalipungua kidogo kidogo. Karoti ziliisha kila siku, kabichi ilichukua muhula mzima, na wapo ambao mpaka leo majani hawayataki. Watoto waliruhusiwa kukimbilia kwa sungura kila mchana, maana mwalimu alikiri hakuna filimbi iliyowahi kuwakimbiza hivyo.

Darasa la tatu lilikuwa la kwanza kurudisha bakuli zote tupu. Mama Upawa alizihesabu, akazigeuza moja moja. Kisha akajifuta mikono, akaenda nyuma ya banda kuangalia mbolea ya Babu Jembe.