Gilasi ya Petroli

Jumamosi moja ya masika, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa peke yangu katika ndege ndogo ya mafunzo, nikianza kushuka kurejea Dar es Salaam. Mvua ilikuwa imekatika punde. Nilipunguza nguvu ya injini bila kuvuta wenzo wa hewa ya moto, ambao huzuia barafu kuganda ndani ya kabureta, pale petroli inapoipoza hewa yenye unyevu. Sisi wanafunzi tuliufanyia mzaha wenzo ule. Barafu, katika jiji ambalo nguo hulowa jasho kabla ya chai?

Injini ikatetemeka. Nikaongeza mafuta, haikuitika. Nikashusha pua nisipoteze mwendo, nikachagua uwanda wa nyasi, nikatua kwa kurukaruka, mzima. Walipofika mwalimu wangu na fundi wa chuo cha urubani, injini iliwaka mara moja. Barafu ilikwisha yeyuka.

"Ulivuta wenzo?" mwalimu akauliza.

"Nilivuta."

Basi lawama ikaangukia petroli: ilisemekana ilikuwa na maji. Fundi, mzee aliyeikagua asubuhi ile, akafukuzwa kazi mbele ya wanafunzi wote. Kila asubuhi alikinga petroli kidogo kwenye gilasi, akaiinua juani, kisha akampa rubani atazame naye. Siku ile niliitazama. Ilikuwa safi.

Nilipanga chumba Kariakoo, juu ya duka la vitenge la familia ya Kihindu. Miaka ile bidhaa zilikuwa zimerudi madukani, na mtaa mzima ulipiga redio mpya kwa pamoja. Mimi nilifunga dirisha. Mama aliamini nafundisha sekondari tu. Hakujua kwamba narusha ndege, sembuse kwamba injini ilinizimikia angani. Sikuwa na wa kumwambia. Wenye nyumba waliponiletea chapati, nilishukuru mlangoni, nikala nimesimama.

Wiki ya tatu baada ya mkasa ule nilikutana na fundi kwenye uwanja wa Mnazi Mmoja, amebeba sanduku la spana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, rubani wangu! Mbona umekonda? Aliyefukuzwa ni mimi, huzuni umechukua wewe?"

"Unafanya kazi wapi sasa?"

"Msimbazi, natengeneza jenereta. Hizo hata zikizima, haziangukii mtu." Akacheka, kisha akahamishia sanduku mkono wa pili. "Lakini gilasi uliiona, mwanangu?"

"Niliiona."

"Basi. Walau mmoja anajua."

Akaenda zake. Nilibaki pale uwanjani, watu wakinipita pande zote, mpaka miguu ikachoka. Kesho yake nilipeleka barua hii:

"Kwa Mkuu wa Chuo. Nilidanganya. Sikuvuta wenzo wa hewa ya moto, wala sikuukumbuka mpaka nilipokwisha kutua. Petroli ilikuwa safi. Fundi alinionyesha kabla sijaruka. Naomba arudishwe kazini, na aambiwe sababu mbele ya wanafunzi wote, kwa kuwa mbele yao ndipo alipoaibishwa. Kitabu changu cha safari za angani, chenye saa zangu zote za kuombea leseni, nimekiambatisha. Sitakuja kukidai."