Golikipa Wetu Ametubu Dhambi Yangu

Admin, nifichie jina na picha, tafadhali sana, maana hapa Bujumbura nikipita Ngagara hata wauza kadi za simu wananiita, "Kapiteni, tubariki!" Mi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, nina mke na watoto watatu. Zamani nilicheza mpira wa kulipwa, hapa nyumbani na nje. Leo ni mhubiri wa mikutano ya uamsho. Mkiona bango la mwanaume kashika Biblia mkono huu na mpira mkono ule, ndiyo mimi. Chekeni tu, hata mke wangu hulicheka.

Ninachowaandikia sijawahi kumwambia mutu, hata huyo mke.

Miaka yangu ya mwisho uwanjani nilikuwa kapiteni, na goti lilikuwa limeshaanza kuniangusha. Kocha alitaka kuniweka benchi. Kabla ya mechi moja kubwa nikaenda kwa mganga, akanipa kitu kimefungwa ndani ya kipande cha kitenge. Akaniambia, "Kizike nyuma ya goli lenu watu hawajaingia. Nguvu ya mwenzako itakuja kwako." Sikumuuliza mwenzangu yupi. Nilikizika mwenyewe, asubuhi, nikakanyaga udongo ukalala vizuri. Siku hiyo nilifunga mabao mawili. Na beki wetu wa kushoto, nitamwita Fiston, alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mutu. Hakuamka tena. Daktari alisema ni moyo, lakini mi nilikuwa nasikia maneno ya mganga tu.

Niliacha mpira, nikaokoka. Na hapo msinitanie, niliokoka kweli, nililia mpaka shati likalowa. Sasa kwetu mutu akiokoka lazima atoe ushuhuda. Nikasimama mbele ya kanisa, nikasema timu yetu ilitumia uchawi, kitu kilizikwa nyuma ya goli, mwenzetu akafa. Nilikuwa nakuja kusema "ni mimi", Mungu ananiona. Mchungaji aliyenishikia maikrofoni akadakia, "Na nani alizika hicho kitu, ndugu?" Mke wangu mstari wa mbele, na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, ananitazama. Nikasema, "Golikipa."

Sikutaja jina, nikajiona mjanja. Jamani! Katika mji huu ukisema golikipa wa timu ile, mechi ile, umeshataja jina lake, la baba yake, na nyumba anayokaa Cibitoke. Watu wa mpira hapa hawasahau hata mchezaji wa akiba.

Ushuhuda ukapendwa kupita kiasi. Nikaitwa Uvira, nikaitwa Bukavu, kila mahali ni "Pasta, tupatie ile ya golikipa." Na mi, badala ya kufunga mdomo, nikatia chumvi. Nikasema nilimuona kwa macho yangu akichimba. Golikipa huyo, tumwite Deo, alikuwa na karakana ya kuchomelea milango ya chuma. Wateja wakamkimbia. Mke wake akachukua watoto akarudi kwao. Majirani walikuwa wakimuona, wanavuka barabara kumkwepa. Haya yote niliyasikia, na Jumapili iliyofuata nilihubiri kama kawaida.

Lakini kuna kitu kinanitesa. Kila nikitamka "golikipa" kwenye maikrofoni, namuona Fiston amekaa viti vya nyuma, na jezi yake, ananitazama. Si ndoto, ni mchana kweupe, jua linawaka. Haongei, hanikasirikii, ananitazama tu. Mi naongeza sauti, watu wanadhani Roho ameshuka, kumbe nina hofu.

Wiki mbili zilizopita, mwisho wa mkutano, nikaita wanaotaka kutubu waje mbele. Akaja Deo. Amekonda, kichwa chote mvi, na mi namzidi miaka. Akapiga magoti, akaomba maikrofoni, akasema, "Ni mi nilimuua Fiston." Watu wakalipuka kwa haleluya. Nikainama kama ninayemuombea, nikamnong'oneza, "Deo, unasema nini? We hukufanya ile kitu."

Akanijibu polepole, bila hasira. "Kapiteni, miaka yote hii watu wanasema ni mi. We mutu wa Mungu unasema ni mi, uliniona. Labda nilifanya na sikumbuki. Apana, mi nimechoka. Niombee tu, nirudi kwa watoto wangu."

Nikaweka mkono juu ya kichwa chake, nikasema amina.

Jumapili hii anabatizwa ziwani, upande wa Kibenga, na mi ndiye nitakayemzamisha. Kanisani kwetu, kabla mutu hajaingia chini ya maji, mhubiri anamuuliza kwa sauti kama ameikana dhambi yake, na anaitaja. Nitamuuliza Deo kama ameacha uchawi na kuua. Atajibu ndiyo. Mke wake ameahidi kurudi akishabatizwa, basi moyo unanidanganya, "Si unaona? Mambo yanajipanga yenyewe, nyamaza." Lakini nikinyamaza, huyu ndugu atakufa akijua yeye ni muuaji. Nikisema, kanisa litanifukuza, mke wangu sijui, na watoto wangu watakuwa wale ambao majirani wanawavukia barabara.

Jana mama yake Fiston alinipigia simu. Amezeeka, sauti inatetemeka. Akasema, "Pasta, mwanangu, nitakuja Jumapili kumsamehe yule mutu. Lakini naogopa kumkaribia peke yangu. We utasimama na mi, unishike mkono?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, nimestahili. Lakini nijibuni kabla ya Jumapili. Nifanye nini?